Herufi Iliyopungua

Ukumbini Tudor feni moja yazunguka,
nyingine imesusa.
Tumepangwa kwa alama, si kwa urefu,
ishirini na wawili, kila mmoja na mshumaa wake,
na feni inaitamani.

Wameniita "Mejuma."
Jina langu Mejumaa, a mbili;
mama akiniita huivuta ile ya mwisho
hadi chumba cha pili.
Sikusahihisha. Nimekwenda.

Profesa Mwadzaya, mikono yamtetemeka,
anitafutia pa kubandika beji
kwenye buibui lisilo na kola.
Pini ikapita nguo, ikanionja.
"Pole," akasema. Nikasema, "Asante,"
na kumbe hicho ndicho kiapo changu hasa,
kwani kile cha kwenye karatasi
nilikisoma bila kukisikia.

Ada ya kujiunga ilitoka bandarini.
Kaka Bwanakheri aliituma kwa simu, zamu ya usiku,
na maneno mawili tu: "Usiulize. Ingia."
Yeye ndiye aliyekuwa akinionyesha hesabu
kwa mkaa, sakafuni, Kisauni,
mama akichoma mahamri kando yetu,
mpaka kidato cha pili kikamtema
kwa karo, si kwa akili.

Basi nimeshuka jukwaani na cheti.
Picha. Sambusa. Soda ya moto.
Kwenye daftari la wanachama wanipa kalamu:
nalikagua jina, natia a yangu iliyopungua,
kisha mkono wakataa kuitua kalamu.
Pembeni, kwa herufi ndogo kama sisimizi,
naandika B.