Hesabu ya Mlima

Daftari ni la Aida, hesabu, darasa la nne.
Nimechomoa karatasi ya katikati asijue.
Kushoto nimeandika: moja na nusu.
Kulia: mbili na nusu.
Lita moja tu baina yao,
chupa ile Muhsin anayoimaliza kwa pumzi mbili akirudi kazini,
nayo imetukesha.

Al-Khoudh, Agosti, saa nne usiku, na ukuta bado una homa.
Biju wa ofisi ya magari ametuma bei mbili
na picha mbili: nyeupe zote, milango minne,
buti la kumeza gunia la mchele na kigari cha mtoto.
Ukizisimamisha ubavu kwa ubavu huzitambui
mpaka uzifungue kifua.

"Ile ndogo ni punda," Muhsin anasema.
"Kwenye tambarare hana neno.
Mpandishe Wadi l-Aqq ndipo utakapomjua."
Anaikumbuka gari yetu ya zamani,
mama yake nyuma na kapu la mikate ya kumimina,
sindano ya joto ikipanda kuliko sisi,
na lori la kokoto likatupita.
"Dereva akanitazama kwa huruma, Zuweina.
Huruma! Mtu wa lori!"

Sikucheka. Nilichonga penseli.

Ndogo: mia na ishirini na moja kwa mwezi,
petroli thelathini na tatu.
Kubwa: mia na arobaini na tisa,
petroli arobaini na tano, maana hii hunywa hata ikisimama,
na mimi ndiye ninayesimama nayo,
kila asubuhi, Burj Sahwa, taa za breki mpaka upeo wa macho,
nikienda Ruwi kuhesabu pesa za watu.
Tofauti: rial arobaini.
Mkataba miezi thelathini na sita.
Elfu moja mia nne na arobaini,
kwa gari ambayo hata hivyo si yetu,
tutakayoirudisha na alama za viatu vya Talal mgongoni mwa kiti.

"Ibra tunakwenda mara ngapi kwa mwaka?"
"Mara nyingi."
"Muhsin."
"Idi mbili. Harusi moja." Akanyamaza. "Na msiba, Mungu apishe mbali."
Nne. Kwa miaka mitatu, kumi na mbili.
Nikagawa, nikamgeuzia karatasi:
kila mlima, rial mia na ishirini.
Mlima mmoja unakula mwezi mzima.

Aliitazama namba ile kama mtu anayetazama mguu wake
uliovimba ghafla.
Akaenda kuzima taa ya jikoni ambayo haikuwa imewashwa.

Karatasi haikuwa na mahali pa kuandika mengine:
kulipita lori na watoto nyuma,
ile nukta ya moyo unapokanyaga na gari inafikiri kwanza.
Niliacha mistari mitatu mitupu chini.
Bado mitupu.

Idi Kubwa tulipanda na punda wetu mweupe.
Penye mwinamo Muhsin alizima kiyoyozi bila kusema,
injini ikapaza sauti kama shangazi aliyenyimwa zamu ya kusema.
Jasho likanitoka chini ya shela.
"Mmekizima?" mama yake akauliza.
"Tunapanda, mama."
"Haya, pandeni."
Aida akashusha kioo; upepo wa tanuri ukaingia,
ukapeperusha risiti za petroli nilizokuwa nikizitunza.

Lori lilikuwepo, bila shaka. La saruji safari hii.
Tulikwenda nalo bega kwa bega, kitambo kirefu cha aibu,
mpaka dereva, mzee wa ndevu za hina, akanyanyua mkono.
Muhsin akautazama usukani. Kisha barabara.
Kisha, kidole kimoja tu, naye akanyanyua.

Niliangalia saa. Dakika sita.
"Mia na ishirini," nikasema.
"Nyamaza," akasema, na meno yake yote yalikuwa nje.