Kidole cha Mwisho Hakijui

Saa tisa za usiku, Katuba imelala,
mkono wangu wa kuume unaamka peke yake.
Siafu wameingia kidole gumba,
wakapanda cha shahada, wakapanda cha kati,
cha pete wamekigawa nusu kwa nusu
kama ndugu wanaogombea kiwanja cha baba.
Kidole cha mwisho hawakukigusa.
Kimelala. Hakijui lolote.

Naukung'uta nje ya chandarua
kama muuguzi anavyokung'uta kipimajoto.
Ngoie anasema bila kufumbua macho:
"Umeanza tena kufukuza nzi wasiokuwepo?"

Miaka kumi na tisa nimegonga shaba.
Bamba hulala juu ya lami, jekundu, jepesi,
nami kwa patasi na nyundo
nalitoa mashavu, nalitoa shanga za shingo,
nawatoa tembo wanaopendwa na wageni wa hoteli,
kilimbili kimekunjwa, vidole vimekaza,
tak, tak, tak,
toka chai ya asubuhi mpaka giza.
Hakuna aliyenihesabia.
Mkono umesema neno moja
mara milioni, na hakuna aliyejibu.

Muuguzi Musau, kule Kamalondo, akaniambia:
"Kutanisha migongo ya viganja,
vidole vitazame chini."
Nikawa kama mtu anayesali kinyumenyume.
Dakika haijatimia, siafu hao.
Kisha akagonga kwa ncha ya kidole
pale ninapofungia saa,
akagonga kama ninavyogonga mimi,
cheche ikaruka mpaka kwenye ukucha wa shahada.

Kumbe hivi ndivyo bamba linavyosikia.

"Hapa pana mlango mwembamba," akasema,
"sakafu yake mifupa, dari yake utepe mgumu.
Kano tisa zinapita humo, na neva moja.
Kano zikichoshwa huvimba. Mlango haupanuki.
Sasa nani atabanwa? Aliye laini."
Ninamjua mtu wa namna hiyo.
Kila shimo la wachimbaji lina mmoja.

Akapanda kigasha, akabonyeza chini ya kiwiko,
nikaruka kwenye benchi.
"Na huyu msuli wa kugeuza kiganja
umemlisha kazi mpaka amenenepa,
sasa ameukalia waya uleule."

Waya! Mtaani kwetu waya ukiibwa usiku
asubuhi hakuna anayeuliza, mishumaa inapanda bei.
Wangu haujaibwa. Umekaliwa tu.
Umeme unakuja, unakwenda,
kikombe kinaanguka
kabla sijajua kwamba nilikuwa nimekishika.

Akauliza kama nina sukari. Sina.
Ngoie akadakia: yeye yalimpata hayohayo
akiwa na mimba ya Numbi, mikono imevimba,
alipojifungua siafu wakahama.
"Basi wewe," akanigeukia, "utajifungua lini?"
Musau akacheka mpaka akavua miwani.
Halafu hakucheka tena. Alikuwa akitazama
kilima cha nyama chini ya gumba langu,
kilivyoanza kubonyea.
Mimi nilidhani ni uzee.

Sasa nalala na kibao mkononi,
kimefungwa kwa kipande cha kitenge cha Ngoie.
Asubuhi Numbi ananifunga vifungo vya shati,
mimi natazama dari kama mtoto anayenyolewa.
Pesa za upasuaji tunazitunza ndani ya kopo la maziwa;
bado kopo linalia likitikiswa.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Ninacho kimoja kizima, cha mwisho, kidogo,
hakijawahi kushika nyundo, kilikuwa kikisindikiza tu.

Jana nilimpa Numbi patasi.
"Kilimbili kinyooke," nikamwambia. "Usikaze. Pumzika
kabla mkono haujakuomba."
Akagonga mara tatu, akasimama.
"Baba, huyu mwanamke ni nani? Ana jicho moja."
Nikapitisha shahada juu ya shaba nimtafute.
Sikusikia kitu, si baridi, si shavu.
Nikapitisha kile cha mwisho.
Akawa hapo.