Bei ya Buni

Wepukhulu alipohamia Kampala
aliniachia kiti kinacholalia upande
na programu ya Java
(jina la kahawa, walituambia chuoni, tukacheka)
iliyobeba kila kitu tumboni:
nywila ya hazina, anwani ya benki,
bei ya buni kwa kilo,
vyote vimeshonewa ndani ya msimbo
kama noti kwenye pindo la gomesi.

Bei ikipanda, nifumue.
Ikishuka, nifumue.
Nishone upya usiku, Mbale imelala,
nikingoja mstari wa mwisho useme: tayari.

Mwezi wa Machi nikachoka.
Nikaitoa mipangilio yote nje,
nikaiweka winguni, kwenye seva
ambayo sijawahi kuiona wala sitaiona.
Nikaiagiza programu: kila unapoamka,
kabla hujamfungulia mtu mlango,
kaulize kwanza.
Ufunguo upi? Bei gani leo?
Na kwa woga, nakiri ulikuwa woga,
nikaiachia bei moja ya akiba, elfu saba,
endapo wingu halitajibu.

Alhamisi likashuka wingu jingine, la mvua,
likaimeza Wanale na maporomoko yake,
likameza mnara wa simu.
Umeme ukakatika. Ukarudi.
Mashine yetu chini ya ngazi ikaamka,
ikapiga hodi winguni sekunde tano,
kimya,
ikachomoa akiba, ikafungua mlango.
Taa zote kijani.

Bi Mutonyi alikuwa ameteremka kutoka Buginyanya
na magunia matatu.
Akasoma simu yake mara mbili,
akanigeuzia kioo:
"Binti, hii ni bei ya mwaka juzi.
Mwaka juzi nilimzika mume wangu.
Naikumbuka."

Bei ya buni imekuwa bei ya kubuni.
Nami siwezi kusema mashine imekosea.
Imetii.
Imesema uongo nilioufundisha mwenyewe,
kwa nia njema, kwa mstari mmoja.

Nilimlipa tofauti kutoka mkebe wa fedha za chai.
Usiku nikaufuta mstari ule.

Sasa programu isipojibiwa haiamki.
Inaandika kwa wekundu: sijui bei,
inazima, inajaribu tena, inaandika: sijui bei.
Meneja Wamimbi anapiga meza:
ofisi wazi, mizani tayari, foleni imefika barabarani,
na wewe umetuletea mashine yenye aibu!
Sina jibu la kumpendeza.
Nakodolea macho kioo cheusi,
nasikia mvua ikihesabu mabati.

Bi Mutonyi amekalia gunia lake,
anamenya karanga, maganda anayatia mfukoni.
"Imeshajua?"
"Bado."
"Basi isiseme."