Pia

Nilipoona mstari wa pili pembeni mwa mfupa
nilisema: umetikisika, binti. Turudie.
Akabana pumzi, Nyamizi wa Sikonge,
miaka kumi na mitatu,
vidole vifupi vimeng'ang'ania ukingo wa meza.

Picha ya mbele haikuwa na neno.
Goti kwa mbele ni kama mgeni mlangoni, hukusalimia tu.
Ubavuni ndiko linakosemea,
na ubavuni nikaiona tena:
pia ya goti, na nyuma yake pia,
tabaka mbili, ufa mwembamba wa giza kati yake,
karanga iliyogawanyika ikiwa bado gandani.

Miaka kumi na minane napiga magoti hapa Tabora
(picha, sisemi kusali).
Yaliyopasuliwa na bodaboda,
yaliyosagwa na mizigo ya tumbaku.
Hili sijawahi.

Nikafungua mlango. Mama, nyumbani kuna mwingine wa hivi?
"Mdogo wake, huyo hapo chini.
Hukaa njiani kabla ya kufika shule. Nilidhani anamuiga dada."
Na wewe? Na baba yao?
"Sisi tunapanda mitini kurina asali."
Akainua kanga, akanionyesha goti lake zima
kama mtu anayetoa risiti.

Mihambo alikuwa sakafuni koridoni
akichezesha pia ya mninga, uzi kidoleni.
Itauma? Haiumi. Lala ubavu.
Mashine ikalia mara moja.
Naye pia.

Neno hili nimelitamka maisha yangu yote
bila kulisikia.
Baba na mama, kila mmoja kabeba nusu ya barua,
haikumuuma, hakujua anayo.
Watoto wakaipokea nzima.

Nikaandika: pia zenye tabaka mbili, magoti yote manne.
Nyonga nazo zipigwe picha.
Waonwe na daktari wa mifupa, Mwanza.
Sikuandika jinsi mama alivyoinua filamu dirishani,
akaitazama muda mrefu, kisha akasema, si kwangu:
"Kumbe hawakuwa wavivu."
Fomu yetu haina mstari wa jambo hilo.

Nje, Nyamizi alikuwa ameuchukua uzi.
Pia ikaruka, ikalalia upande,
ikagonga kiatu cha mlinzi,
ikaendelea.