Mistari Kumi na Tatu

Saa nane usiku, Moshi, ghorofani juu ya duka la vipuri,
mfumo wa malipo ya kahawa umegoma kujengeka.
Kioo chote chekundu.
Ndesario aliniachia chupa ya chai na daftari la makosa,
akaenda kulala Kiboriloni: "Ikishindikana, nipigie."
Imeshindikana tangu saa nne. Sijampigia.

Vipande mia mbili na kumi na saba.
Kimoja kinapima kilo, kingine kinakata makato,
kingine kinatuma ujumbe kwa mkulima wa Uru
asiyejua kama nipo, wala hana haja ya kujua.
Mizani inataka maktaba ya hesabu, toleo la pili.
Makato yanataka maktaba ileile, toleo la nne,
na hayo mawili hayapikiki chungu kimoja.
Risiti inamngoja Mkulima. Mkulima anaingoja Risiti:
wakwe wawili mlangoni,
tangulia wewe, hapana, tangulia wewe,
na machalari yanapoa ndani.

Nilibadilisha hiki. Kikavunjika kile.
Nilirudisha kile. Vikavunjika sita
ambavyo sikuwahi hata kuvisikia majina.

Kwa mama, Kibosho, maji hayaanzii bombani.
Yanatoka msituni, yanashuka na mfongo,
yanapita kwa kina Mallya, yanapita kwa kina Temba,
na zamu inajulikana: Jumanne, kabla jua halijachomoza, sisi.
Mwaka mmoja migomba ilinyauka.
Tukalaumu jua, tukalaumu mbolea,
tukamlaumu jirani
(jirani tulimlaumu sana),
kumbe ni jiwe, ukubwa wa ngumi, mwendo wa saa nzima huko juu.
Nilikuwa nimeshika jembe, nataka kuchimba palepale pakavu.
Mama akaninyang'anya.
"Hapa utachimba nini? Panda."

Basi nikapanda.
Nikageuza karatasi ya bei za vipuri, nikachora mishale:
malipo kwenda makato, makato kwenda hesabu,
hesabu kwenda kitu kinachoitwa senti,
senti kwenda
pasipo na kitu. Mishale ikaishia hapo.

Faili moja. Mistari kumi na tatu.
Kazi yake ni kuamua nusu ya senti iangukie upande gani.
Toleo la nne la hesabu lilikuwa likiingoja senti mpya,
na senti mpya haikuandikwa.
Juu kabisa, jina: Aikande Lyimo.
Chini yake: nitarekebisha wiki ijayo.
Miaka tisa. Wiki ijayo haijafika,
na kahawa ya mlima mzima imeegemea hapo.

Sikuona aibu kwa niaba yake. Ninazo zangu, wiki zijazo, tele.

Nikaiandika senti mpya. Nikafunga kila toleo kwa komeo lake,
asije mtu akaamka na hamu ya kipya akatubomolea nyumba.
Kile walichokuwa wakigombea Risiti na Mkulima
nikakitoa nje, nikakijengea kibanda,
sasa kila mmoja anachota huko kwa wakati wake.
Nikabonyeza. Nikaiacha chai ipoe zaidi.

Saa kumi na moja na nusu, kijani.
Mlima ulikuwa umejifunika, hauna habari.
Mstari mmoja tu wa njano, chini kabisa:
kitu hiki hakina mtunzaji.

Kulipokucha nikatafuta namba yake.
Anafuga kuku wa mayai Pasua siku hizi,
nilisikia wakimgombania mkononi.
"Ile senti? Bado mnaitumia?"
Akacheka, kisha akanyamaza kidogo.
"Ile nusu. Mnamwachia nani?"
"Mkulima."
"Afadhali," akasema. "Niliwahi kulala siku tatu sina uhakika.
Subiri, kuna mmoja katoroka."
Nikasubiri.