Mshale Unaotetema

Ilianza baada ya Isha, Jumatatu:
mshale kwenye skrini ukashikwa na homa.
Nauweka juu ya neno "marehemu",
waruka hadi "mrithi".
Nauvuta, wakataa, watetema, watulia,
kisha wafungua faili ambayo sikuiomba.

Mimi ni mpiga chapa. Nyumba ya Kuze, orofa ya kati.
Natayarisha wosia, barua za kesi za mashamba,
maombi ya kazi bandarini ya vijana wasiojua
koma hukaa wapi.
Kosa moja kwenye hati ya mirathi
ni ndugu wawili wasiozikana.

Swabri, mpwa wangu, akasema ni virusi.
Tukasafisha. Wapi!
Akasema ni kipanya. Nikashuka hadi Barabara ya Digo,
nikanunua kingine, mia sita, bila kupunguziwa hata shilingi.
Kikatetema kwa lugha ile ile.

Basi nikaanza kuizima nyumba, chombo kimoja kimoja,
kama mtu anayetafuta ni nani kajamba matangani.
Friji nikachomoa: changu wa kesho wakatoka jasho.
Bado.
Feni nikachomoa: jasho likanitoka mimi.
Bado.
Pampu ya maji, taa ndefu inayovuma jikoni,
ile chaja isiyo na jina niliyouziwa mia na hamsini,
bado, bado.
Nikafungua daftari, nikaandika kama muuguzi wa zamu:
saa tatu na robo, watetema.
Saa nne kasorobo, kimya.
Saa nne na dakika tano, watetema tena,
mpigo mfupi, mfupi, mfupi,
kisha mmoja mrefu.

Fundi Badi akaja, kitesta kakibana kwa meno.
Akafungua soketi, akaguna.
"Dada, waya wako wa ardhi umeliwa na chumvi.
Humu ukutani hamna ardhi tena.
Kelele za stima zikikosa pa kuteremkia
huenda kupiga hodi kwa majirani."
Nikauliza: na hizi zinazonipigia hodi mimi, za nani?
Akaangalia dari.

Juu anaishi Mwanashee.
Mwaka juzi alituambia macho yamekwisha,
kashona kanzu ya mwisho, cherehani kaitoa sadaka.
Mwanawe wa Jeddah akapiga simu: mama apumzike, nitatuma.
Sote tukasema mashallah.

Usiku ule sikuchapa neno. Nilikaa nikimsikiliza kwa macho.
Mpigo mfupi ni pindo.
Mpigo mrefu ni ubavu wa kanzu.
Kituo kile, dakika nzima, anatunga uzi,
analitafuta tundu la sindano kwa ulimi na subira.

Asubuhi ngazini nikamuuliza kalalaje.
"Nimelala, alhamdulillahi, kama jiwe."
Kope zimemvimba, kipande cha uzi mweupe
kimemganda kwenye buibui, begani.
Sahani ya jirani hairudi tupu:
nikamwambia, hata mimi, usingizi mnono.
Ule uzi sikuutoa.

Alhamisi Badi akarudi, akapigilia fimbo ya shaba
uani, karibu na kisima,
akapitisha waya mpya, kijani na manjano,
na juu ya waya wa kipanya akabana kipete cheusi.
"Hirizi?" nikamuuliza.
"Chuma tu," akasema, "chanywa kelele."
Mshale ukatua juu ya "marehemu". Ukakaa.
Nikamlipa. Nikamwongeza na ya chai.

Sasa ni saa tatu na robo.
Skrini shwari, kama mtu aliyepona na kusahau alikuwa na homa.
Wosia wa mzee wa Makupa, ibara ya tano:
nyumba, minazi, deni la saruji.
Sijui kama Jeddah wametuma.
Sijui kama kanzu za Idi zimeisha
au ni macho yaliyoisha kweli, safari hii.

Nakivua kipete, nakiweka kando ya kikombe.
Dakika tano tu.
Mshale umesimama.
Umesimama.

Kisha, kidogo, mfupi,
mfupi,
mrefu.

Haya.
Nakirudisha. Ibara ya tano.