Cheti cha Bi Mwantumu

Walifika Kwamkoro na gari jeupe
lililovaa udongo mwekundu mpaka kiunoni,
wakapanga viti vya plastiki mbele ya ghala la chai,
wakauliza: yuko wapi mtaalamu?
Tukatazamana.
Mtaalamu alikuwa mtoni, anafua.

Mwantumu binti Shekiangio, mchuma chai,
miaka thelathini na mmoja kapu mgongoni,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
na kati ya shina na shina jicho limeinama
likitafuta kitu ambacho msimamizi hakukilipia:
konokono.

Wadogo kuliko punje ya mtama.
Wengine wana nywele. Naam, nywele,
nimeziona nikiwa na miaka tisa, mshika tochi wake,
ujira wangu kipande cha muhogo na onyo:
usipumue.

Aliwapima kwa futikamba ya fundi cherehani.
Kila ganda na kiberiti chake,
kila kiberiti na mstari wake katika daftari la hesabu:
"Chini ya gogo la msambu. Ukungu. Watatu.
Mmoja mkaidi."

Majirani walisema anafuga uchawi.
Mumewe akasema, heri ungefuga kuku.
Kuku, akajibu, wana watu wengi wa kuwatazama.

Mabwana waliopita kituoni Amani
walivibeba viberiti vyake, wakaahidi kuandika.
Na kweli waliandika.
Huko mbali, ndani ya droo, konokono wake
ana jina refu la Kilatini,
na penye mkusanyaji pameandikwa: mwenyeji.
Mwenyeji!
Kana kwamba mlima mzima uliinama ukaokota.

Basi siku ile walikuja kulipa deni.
Cheti, muhuri, fremu ya kioo. Meneja akapiga picha.
Bi Mwantumu, povu la sabuni bado kwenye viwiko,
akasoma polepole, kidole juu ya kioo.
"Hapa mmeandika Machi. Ilikuwa Aprili.
Mwaka ule masika yalichelewa,
na huyu hatoki ardhi ikiwa kavu."
Akakaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba.
Daktari wa konokono akatafuta karatasi, akakosa,
akaandika Aprili kiganjani.

Usiku nilimkuta sakafuni, fremu ameifumua.
Kioo amekilaza juu ya makopo mawili,
konokono juu, nafasi ya tochi chini.
Miaka yote hiyo alitamani kuuona unyayo ukitembea.
"Shika," akaniambia, mimi mwenye ndevu sasa.
"Usipumue."
Vivuli vyembamba vikapita, kimoja nyuma ya kingine,
kutoka mkiani kwenda kichwani,
na mnyama akasogea kwa upana wa uzi.

Cheti kilikuwa kando, kimeshika unyevu.
Konokono wa pili alikuwa ameshakipanda.
Nikanyoosha mkono nimtoe.
Akanizuia, akachukua penseli:

"Saa nne usiku. Manyunyu.
Anakula karatasi.
Ameanzia kwenye muhuri."